Kifuniko cha Bwawa la Nje: Anza na Maji ya Juu

Kifuniko cha kwanza nilichobuni kilidumu usiku mmoja.

Nilikuwa nimeshona maturubai ya malori kwa miaka mingi, kwa hiyo nilipoitwa kufunika bwawa la kuogelea la mita 10 kwa 5 niliiona kazi ndogo. Mstatili ni mstatili. Nikakata turubai zito la PVC, nikakunja pindo, nikapiga pete za chuma kila nusu mita, nikavuta kamba hadi kwenye kulabu nilizofunga kwenye zege. Jioni lilikuwa limekaza kama ngozi ya ngoma. Ukilipiga kofi linaitika. Nikapiga picha, nikaenda zangu.

Usiku ikanyesha. Asubuhi nilikuta turubai limezama katikati, na upande mmoja pete zimechomoka kwa mfuatano, moja ikivuta mwenzake, kama vifungo vya shati lililombana mtu. Majani, matope na maji ya mvua vyote vilikuwa vimeteremkia kwenye bwawa nililoitwa kulilinda. Mama mwenye bwawa alisimama ukingoni, mikono kiunoni. "Fundi," akasema, "mimi niliomba kifuniko. Wewe umeniletea bwawa la pili."

Hesabu ambayo sikuifanya kabla niliifanya siku ile, nimechuchumaa palepale. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1, yaani kilo 1. Kifuniko cha mita mraba 50 kikipata mvua ya milimita 20 kimebeba lita 1,000. Tani nzima. Na tani hiyo haitulii ikiwa imetandaa: inakimbilia katikati, kitambaa kinazama, na kadiri kinavyozama ndivyo kinavyokusanya zaidi. Kukaza kamba hakusaidii, kunaharibu. Kamba iliyonyooshwa karibu na mlalo huvutwa kwa nguvu inayozidi uzito wenyewe mara kadhaa. Mimi kwa ufundi wangu nilikuwa nimezikaza zote.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza kitambaa gani ni kizuri, namuuliza kwanza: maji ya mvua yataenda wapi? Akishajibu hilo, nusu ya ramani imeshachorwa.

Njia tatu za kuyaondoa

Ya kwanza ni kuyaacha yapite. Kifuniko cha wavu uliofumwa kwa kubana hupitisha maji na kuzuia majani, hakibebi ziwa mgongoni, na ni chepesi kukunja. Ubaya wake ni kwamba vumbi laini linapita pamoja na maji, na mwanga nao unapita. Penye mwanga na klorini iliyoisha nguvu, mwani unaota. Ukichagua wavu, tafuta uliofumwa kwa karibu kabisa na wenye rangi ya kuzuia jua, kisha hakikisha bwawa lina tundu la kumwaga maji yanayozidi, maana mvua yote sasa inaingia ndani.

Ya pili ni kitambaa kisichopitisha kitu, pamoja na njia ya kuyatoa maji yaliyotua juu. Hapa watu huweka pampu ndogo ya kuzama katikati ya kifuniko. Inafaa, ilimradi iwekwe kabla ya mvua, si kesho yake. Mimi napendelea kushonea kidirisha cha wavu mahali palipo chini kuliko pote. Tatizo ni kupajua mahali hapo. Kwenye karatasi ni katikati, lakini kwenye bwawa lenyewe ni nadra kuwa katikati, kwa sababu ukingo wa zege huwa umeinamia upande fulani na hakuna anayejua mpaka maji yaonyeshe. Kwa hiyo sikati kidirisha karakanani. Natandika kifuniko, nafunga kila kitu, namwaga ndoo mbili za maji katikati na kusubiri. Yanajivuta polepole, yanapinda, yanatua. Pale yanapotua nazungushia chaki. Kisha navua, nakata, nashona. Kazi inaongezeka kwa nusu siku, lakini sijaitwa tena kwa ajili ya bwawa la pili.

Ya tatu ni kifuniko kinachoelea, kilicholala moja kwa moja juu ya maji ya bwawa. Hapo maji yenyewe ndiyo yanayokibeba. Hakuna kamba wala kulabu, na mvua kidogo haikitishi. Ila kila kizuri kina lake, na la hiki nitalitaja mbele kwa sababu ni la hatari.

Kuna jambo moja linalohusu vifuniko vya kufunga pembeni ambalo nililijua kwa kuchelewa. Siku ya aibu yangu, maji ya bwawa lile yalikuwa yamepunguzwa karibu mita nzima ili vigae visuguliwe. Yangekuwa karibu na kiwango chake cha kawaida, kitambaa kingezama kidogo tu, kikagusa maji ya chini, na maji hayo yangesaidia kubeba yale ya juu. Nilifunga kifuniko juu ya shimo. Sasa kabla sijafunga chochote naangalia usawa wa maji, na namwandikia mwenye bwawa kwa maandishi makubwa kwamba asiyapunguze kifuniko kikiwa juu.

Kinafunika nini hasa?

Wengi huniambia wanataka kuzuia majani. Ukikaa nao kidogo unagundua wanaumizwa zaidi na gharama ya kupasha maji joto, au na kujaza maji kila wiki, au wana mtoto anayeanza kutembea. Hizi ni kazi tofauti, na kifuniko kimoja mara chache kinazifanya zote vizuri.

Kwenye bwawa la nje, joto nyingi haipotelei ardhini. Inapanda na mvuke. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na nishati ya kilojuli 2,400 hivi. Chukua bwawa lenye kina cha wastani cha mita 1.5 linalopoteza milimita 5 kwa siku, jambo la kawaida penye jua na upepo. Mvuke huo peke yake unabeba joto la kutosha kushusha maji yote kwa karibu digrii 2. Ukiwa na mita mraba 50, umepoteza pia lita 250. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa kufunika bwawa hupunguza gharama ya kupasha kwa asilimia 50 hadi 70, maji ya kujazia kwa asilimia 30 hadi 50, na dawa kwa asilimia 35 hadi 60. Na kuzuia mvuke hakuhitaji kitambaa kinene: hata karatasi nyembamba ya plastiki inazuia, mradi iguse maji na ifike ukingoni.

Kwa kazi hiyo hakuna kinachoshinda plastiki yenye mapovu, ile ya polietilini. Mapovu yanatazama chini. Nimekuta mabwawa kadhaa yamefunikwa mapovu yakitazama juu, wenyewe wakiamini ndivyo inavyopendeza. Unene wa maikroni 400 au 500, yaani karibu nusu milimita, unatosha. Ulio chini ya hapo unachanika mikononi mapema.

Ile ya rangi angavu inaacha jua lipenye na kupasha maji yenyewe, ile nyeusi inazuia mwanga na kuunyima mwani nafasi. Chagua kulingana na kinachokusumbua, usichague kwa kulinganisha na rangi ya viti.

Kosa langu na plastiki hii lilikuwa haraka. Inakuja imekunjwa, na mikunjo inakula urefu. Nililitandaza bunda asubuhi, nikakata kufuata ukingo saa ileile, na baada ya wiki moja ya jua lilikuwa limetulia kwa umbo lake lenyewe: huku limebana, kule limeacha mwanya wa viganja viwili. Siku hizi naliacha lielee siku kadhaa bila kukatwa, pembe zikiwa zimelala juu ya vigae. Nakata baadaye, asubuhi kabla ya joto, kwa mkasi mkubwa usio na ncha kali. Kisu kitakata na ngozi ya bwawa, ile plastiki inayotandikwa ndani yake.

Mtoto

Hapa sitanii. Plastiki inayoelea, hata iwe nene namna gani, si kinga. Mtoto akiikanyaga inazama naye, inamfunika, inajirudi juu, na aliye nje haoni chochote. Ni hatari kuliko bwawa lililo wazi, kwa sababu inaonekana kama sakafu. Hata maji ya kina cha kiganja yaliyotuama juu ya kifuniko imara yanatosha kumzamisha mtoto mdogo, ndiyo maana suala la maji ya juu si la usafi peke yake.

Kifuniko cha usalama kinabuniwa kwa uzito. Marekani kuna kiwango kiitwacho ASTM F1346: kwa bwawa lenye upana unaozidi mita 2.4, kifuniko lazima kihimili kilo 220 hivi, yaani watu wazima wawili na mtoto, kwa kuwa mtoto akitumbukia wazazi watamfuata. Kinapimwa pia kama kinaondoa maji juu yake, na kama kina mwanya ambao mtoto anaweza kupenya. Ufaransa iliweka sheria tarehe 3 Januari 2003 inayodai mabwawa binafsi yaliyochimbwa ardhini yawe na walau kinga moja kati ya nne: uzio, king'ora, kifuniko au banda. Kifuniko kina kiwango chake, NF P90-308. Hata kama unapoishi hakuna anayekukagua, chukua viwango hivyo kama mwalimu wako. Mimi nikiambiwa kuna mtoto nyumbani na mteja anataka ya kuelea tu, namwambia aweke uzio kwanza. Nimepoteza kazi mbili kwa msimamo huo na sijajuta.

Vipimo

Hakuna bwawa la mstatili. Kuna mabwawa ambayo wajenzi walikusudia yawe mstatili. Pima pande zote nne, kisha pima kona kwa kona mara mbili. Vipimo hivyo viwili vya kukingama vikitofautiana, kona haziko sawa, na kifuniko chako kitatoka na mkunjo kama uso wa aliyelamba ndimu.

Kwa bwawa la mviringo au la umbo la figo, natumia nukta mbili. Nachagua mahali pawili nje ya bwawa, upande mmoja, naviita A na B, napigilia misumari na kupima umbali kati yake. Kisha natembea ukingoni nikitia alama za chaki kila sentimita 60, kwenye kona kali kila 30, na kuzipa namba. Kila alama inapimwa mara mbili: kutoka A, kutoka B. Ukiwa karakanani, unaweka A na B sakafuni kwa umbali uleule, unavuta tepu mbili, na pale zinapokutana ndipo alama ilipo. Bwawa linajichora upya mbele ya macho yako, alama baada ya alama.

Mtu wa pili ashike daftari, nawe useme namba kwa sauti, naye azirudie kwa sauti. Mali bila daftari huisha bila habari, nalo daftari bila sikio la pili linadanganya. Siku moja msaidizi wangu alisikia 6.84 akaandika 6.48. Nilipochora, alama ya 17 ikajitokeza sentimita kadhaa nje ya mstari, bwawa likaota pembe. Kwa kuwa alama zilikuwa za karibu, pembe ilionekana. Ningekuwa nimepima kila mita 2, ningeikata hivyohivyo na kumshonea mtu kifuniko chenye sikio.

Andika pia vitu vinavyojitokeza: ngazi, ubao wa kurukia, bomba, mwamba wa mapambo, ukuta ulioinuka. Kila kimoja kinahitaji mkato wake, na kila mkato ni mahali kifuniko kitakapoanzia kuchanika, hivyo uzungushie mkanda wa kuimarisha. Juu ya vipimo vya maji ongeza kitambaa cha kulala juu ya ukingo, angalau sentimita 30 kila upande, na zaidi kwa umbo lisilo la kawaida.

Mishipi, kulabu na upepo

Upepo wa mita 20 kwa sekunde una shinikizo la kilo 24 hivi kwa kila mita mraba. Robo tu ya hiyo ikipata mwanya wa kuingia chini ya kifuniko cha mita mraba 50, ni kilo 300 zinazosukuma juu, nacho kifuniko chenyewe hakifiki kilo 50. Ndiyo maana pindo ni muhimu kuliko katikati. Lilale chapa kwenye ukingo, bila mapengo.

Watu hupenda mifuko ya mchanga. Mmoja ukipasuka, mchanga unakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Mifuko mirefu ya maji ni nafuu, lakini penye baridi ya kugandisha isijazwe yote, barafu huipasua.

Kwa kifuniko cha kudumu nashonea mishipi inayokingamana kila mita 1 hadi 1.5, ikiishia kwenye springi iliyonaswa kwenye nanga ndani ya zege. Springi ibanwe nusu hivi. Ikibanwa yote haina tena cha kutoa siku mzigo ukija, na kinachotoa badala yake ni mshono. Usitoboe jiwe la ukingo, linapasuka. Sogea nje hadi kwenye zege lenyewe. Chagua nanga za kuzamisha, zinazorudi kuwa sawa na sakafu kifuniko kikivuliwa, maana vidole vya miguu ya watu vitapita hapo msimu mzima. Na kila kitambaa kinapopita juu ya kona ya jiwe, shonea kipande cha ziada upande wa chini. Upepo huchezesha kifuniko usiku na mchana, na jiwe husaga kama msasa.

Uzi

Hiki ni kitu kidogo ambacho watu hawaulizi. Kifuniko changu kimoja kilirudi baada ya misimu mitatu kikiwa kizima, rangi nzuri, pindo zuri, na vipande vyake vikiachana kama kurasa za kitabu kilichotoka gundi. Niliukwaruza uzi kwa ukucha ukatoka unga. Miale ya jua, ile ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, ilikuwa imeula. Kitambaa nilinunua cha kuhimili jua, uzi nikatumia uliokuwa mezani. Sasa kwenye mishono inayotazama jua natumia uzi wa plastiki iitwayo PTFE, ghali lakini haujali jua, na nashona mistari miwili.

Turubai la PVC heri uliunganishe kwa joto kuliko sindano, kwani kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kabla ya kazi yenyewe unganisha vipande viwili vya majaribio, uvivute kwa koleo. Kikichanika kitambaa na kiungo kikabaki, mashine iko sawa. Kiungo kikibanduka, ongeza joto au punguza mwendo. Na panga viungo kama vigae vya paa, kipande cha juu kikilalia cha chini kuelekea maji yanakokwenda.

Nani atakivua?

Nimeliacha mwishoni lakini ndilo linaloamua kama kifuniko kitatumika. Turubai la gramu 650 kwa mita mraba, la mita 11 kwa 6, lina kilo 43 likiwa kavu. Likilowa ni mnyama mwingine. Nilimshonea mzee mmoja aliyeishi peke yake kifuniko kizuri kuliko vyote nilivyokuwa nimeshona. Nilipopita baada ya miezi miwili nilikikuta kimekunjwa chini ya mti, buibui wamejenga ndani. "Mwanangu," akaniambia, "kukifunika naweza, kukifunua mpaka nipate kijana wa kunisaidia." Nikakichukua, nikakigawa vipande vitatu vinavyopishana, kila kimoja na vishikio vyake. Anavua kimoja, anaogelea, anakirudisha.

Kama kuna nafasi upande mfupi, weka rola ya bomba la aluminiamu yenye usukani. Ila plastiki ya mapovu ikizungushwa na kuachwa kwenye jua kali, joto linanasa kati ya matabaka na mapovu yanayeyuka na kushikana. Ifunike kwa kitambaa cheupe. Na siku ukiweka klorini nyingi kwa mpigo, acha bwawa wazi mpaka kiwango kishuke, la sivyo mvuke wa dawa unakaa chini na kuila plastiki kimyakimya.

Yule mama wa bwawa la pili nilimshonea upya, kwa gharama yangu, chenye kidirisha cha wavu kilichopimwa kwa ndoo. Bado kipo. Wiki iliyopita alinipigia kwamba mshono wa kona ya ngazi umeanza kulegea, na akanikumbusha nije na uzi ule wa ghali.